Kabla hujahama Selenium, angalia kwanza upo toleo lipi

Juzi mdogo wangu mmoja kwenye hii fani ya kupima programu kaniandikia meseji ndefu, anauliza aache Selenium ahamie Playwright (zote mbili ni zana za kuendesha kivinjari kwa kodi ili kupima tovuti yenyewe) au abaki alipo, maana testi zake, yaani kodi za kupimia, leo zinapita kesho zinafeli na hajagusa kitu. Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili nikajikuta naandika yote haya, kwa sababu swali lake limegusa palepale ninapouma.

Mwaka 2023 nilikuwa nashika testi zote za timu moja, jina silitaji. Zilikuwa zaidi ya mia tatu, Selenium na lugha ya Python, nimezijenga mwenyewe kuanzia ya kwanza. Sasa enzi hizo mimi nilikuwa naamini kwamba dreva, ile programu ndogo inayoiunganisha Selenium na kivinjari, ni kazi yangu, yaani ChromeDriver lazima iendane na Chrome iliyopo kwenye mashine, zikipishana tu unakutana na ule ujumbe wa kosa "session not created" ambao kila aliyefanya hii kazi anaujua, na Chrome yenyewe tangu 2021 ilikuwa inatoa toleo jipya kila wiki nne. Nikaandika skripti. Inasoma namba ya Chrome, inaenda kwenye anwani ya kushushia, inaleta dreva, inaiweka mahali pake. Mistari kama mia na hamsini, na niliipenda ile skripti jamani, nilikuwa nawaonyesha watu.

Julai 2023 ikatoka Chrome 115. Kuanzia toleo hilo dreva hazikuwekwa tena kule kwa zamani, zikaanza kutoka pamoja na Chrome for Testing, Chrome maalumu ya kupimia, kwa mpangilio mwingine kabisa. Skripti yangu ikawa inabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Testi zote mia tatu zikafeli, na ni siku ambayo tunatakiwa kumpelekea mteja toleo jipya. Nilikesha. Asubuhi kiongozi wa timu akaniuliza mbele ya wote, kwani Selenium si inajitafutia dreva yenyewe siku hizi? Sikuwa na jibu.

Na alikuwa sahihi. Selenium Manager, sehemu ya Selenium inayojitafutia dreva, iliingia kwenye toleo 4.6, Novemba 2022, miezi minane kabla ya ule usiku, na toleo 4.11 lililokuja muda mfupi baada ya Chrome 115 likauelewa huo mpangilio mpya. Mimi nilikuwa bado nimeganda 4.4. Kazi yote ya ile skripti ilikuwa inafanywa na mstari mmoja, webdriver.Chrome(), basi. Wiki mbili baadaye testi akapewa mtu mwingine, mimi nikawekwa kwenye kuandaa ripoti. Bado inaniuma, na sio kwamba walikosea kuhusu kosa langu, ila zile testi nilizilea mimi na hakuna aliyekaa na mimi hata dakika kumi kabla ya kuninyang'anya.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza, soma maelezo ya toleo, yale yanayosema nini kimebadilika kwenye kila toleo jipya. Mimi siku hizi Ijumaa natenga nusu saa, nasoma yale ya zana ninazotumia tu, sio ya dunia nzima. Asilimia kubwa hayakuhusu, unapita haraka, unatafuta kitu kimoja tu, ni kazi gani ninayofanya kwa mkono ambayo hawa jamaa wameshanifanyia.

La pili ni hilo la kuhama. Mimi nilihama, nikaenda Playwright ya Microsoft, na ni nzuri kweli, kabla ya kubofya inahakikisha kitufe kinaonekana, kimetulia, hakijazimwa na hakijafunikwa na kitu kingine. Lakini nilihama na ugonjwa wangu. Pale nilipokuwa naweka time.sleep(5), yaani kusubiri sekunde tano kibubu, nikaweka wait_for_timeout(5000), ni kitu kilekile kimebadilishwa nguo tu. Testi zikaendelea kuyumba, nikaongeza --reruns 3 ili ikifeli irudie hadi mara tatu mpaka ipite, nikajiona nimemaliza.

Kilichonifungua macho ni Trace Viewer, kifaa cha Playwright cha kufungulia trace, yaani kumbukumbu ya kila hatua ya testi. Siku moja nikawasha --tracing retain-on-failure, nikafungua testi ya fomu ya usajili iliyokuwa inafeli mara moja kati ya kumi hivi. Trace inakuonyesha ukurasa ulivyokuwa kabla na baada ya kila hatua, na maombi yote yaliyokwenda kwenye seva. Nikaona kitufe kipo, kinang'aa, kimebofywa, halafu hakuna ombi lolote lililotoka. HTML ilifika mapema, JavaScript ya kukipa kitufe uhai ilikuwa bado njiani! Playwright iliona kitufe kipo tayari kwa sababu kwa macho kilikuwa tayari. Sasa fikiria mtumiaji mwenye intaneti ya taratibu, anabofya, kimya, anabofya tena, anaondoka. Ile haikuwa testi mbovu, ilikuwa bagi halisi, hitilafu ya tovuti yenyewe, inayowafukuza watu, na mimi kwa reruns zangu nilikuwa naifukia. Tukakizima kitufe mpaka JavaScript ifike, testi ikatulia, haijafeli tena mpaka leo.

Nasema kwa uchungu kabisa, acheni kurudisha testi mpaka ipite. Testi ikifeli fungua trace, uone nini kilitokea, ndio uamue. Na kama upo Selenium, WebDriverWait ipo miaka yote, itumie, subiri hali fulani itokee, usisubiri sekunde.

Mdogo wangu, fanya hivi leo. Andika pip show selenium unitumie namba ya toleo, halafu tafuta time.sleep kwenye mafaili yako yote unihesabie ziko ngapi. Nikishapata hizo namba mbili ndio nitakujibu kuhusu kuhama.