Jibu: Postimotemu imesema chanzo cha kifo hakijajulikana, tufanyeje?

Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Nimekuelewa hivi: mdogo wako wa miaka 24 alianguka akicheza mpira, postimotemu ikafanyika, ripoti ikasema moyo ni wa kawaida na chanzo hakijajulikana. Sasa nyumbani wameanza kushukiana sumu.

Nafanya kazi maabara ya patholojia, ripoti za namna hii tunazipata. Kwanza muulizeni daktari: vipande vya moyo viliangaliwa kwa hadubini? Moyo unaweza kuonekana mzima kwa macho, kumbe misuli ilishambuliwa na virusi. Na sampuli za sumu zilikwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali? Majibu yake huchelewa. Huenda ripoti mliyonayo ni ya awali tu.

Kama kote ni safi, zipo hitilafu za umeme wa moyo, mfano QT ndefu (umeme wa moyo huchelewa kujipanga upya baada ya kila pigo). Hizo hata hadubini haizioni, maana moyo ukishasimama hakuna umeme wa kupima. Kinachobaki ni kupima vinasaba (DNA). Ulizeni haraka kama ipo damu yake iliyogandishwa, au kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau. Nyama iliyokaa kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhia vipande vya mwili) ni shida, DNA yake huharibika.

Ila hili msilisubirishe: wazazi na ninyi ndugu wa damu mkapimwe umeme wa moyo (ECG) na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), kwa sababu nyingi ya hitilafu hizi hurithiwa. Kwa Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wanapima. Mwambieni daktari wazi kwamba ndugu yenu alifariki ghafla. Kama yupo aliyewahi kuzimia akikimbia, aende yeye kwanza.