Mahujaji wa treni: walitengwa, walikaa eda, au walikuwa karantini?

Swali la leo limetoka kwa ustadh mmoja wa Tanga, anaandalia vijana wa madrasa yake makala kuhusu reli ya Hijazi, ile ya Waturuki iliyotoka Damascus mpaka Madina. Sentensi inayomsumbua ni hii hapa: "Mahujaji waliorudi na reli walitengwa Tabuk kwa siku kadhaa kwa sababu ya tauni." Mwenzake kamwambia aandike "waliwekwa kwenye karantini", mwingine kamshikilia kwamba Kiswahili safi ni "walikaa eda", na yeye mwenyewe kwenye vitabu vya Kiarabu kakutana na "karantina" yenye a mwishoni. Anauliza ashike lipi, na mwisho kabisa kachomekea: ni hujaji au mahujaji?

Waalaikum salaam ustadh. Sentensi fupi lakini umetubebesha mzigo, maana kila neno humo lina kesi yake.

Tuanze na jepesi. Kiswahili tunasema karantini, kwa i, ndivyo ilivyo kwenye kamusi na ndivyo watu wanavyosema redioni na mtaani. Karantina ni ya Waarabu, Beirut mpaka leo kuna mtaa karibu na bandari unaitwa hivyohivyo Karantina kwa sababu abiria wa meli walikuwa wanazuiwa pale, na asili yake wote tunaijua ni Kitaliano, zile siku 40 za meli kusubiri kabla watu hawajashuka. Ukinukuu jina la mahali acha a yake, ukiongea Kiswahili weka i, basi.

Sasa kuna kitu watu hawakiangalii kwenye hili neno. Linaishia na -ni, na sikio la Mswahili likisikia -ni mwishoni linafikiri mahali, kama nyumbani, sokoni, hospitalini. Ndo maana 2020 watu wote walisema "yuko karantini", "katoroka karantini", "wamemweka karantini" bila mtu kufundishwa, na hakuna aliyethubutu kusema "karantinini", ulimi unakataa. Kwa hiyo huyo mwenzako na "kwenye karantini" yake hajakosea, ila kaongeza neno ambalo halikuwa na kazi, "waliwekwa karantini" inatosha. Ukitaka kusema lile jengo na uwanja wake sema kituo cha karantini. Na ukilitumia kama jina linakwenda na i- na zi-: karantini ilikuwa ya siku tano, karantini za zamani zilikuwa kali. Zanzibar wana kisiwa cha Changuu, kilijengwa kiwe jela miaka ya 1890 halafu kikaishia kuwa kituo cha karantini, na wageni wanaopelekwa kule na boti wanaambiwa tu "kisiwa cha jela" wakati karantini ndiyo iliyofanyika pale, wafungwa hawakuwahi kukaa.

Haya tuje kwenye "walitengwa", maana hapa ndo penye nyama.

Kutenga ni Kiswahili kizuri sana, sina ugomvi nacho, ila kinafanya kazi nyingine. Unamtenga mgonjwa. Mtu keshaanza kuharisha na kutapika, unamtoa kati ya watu unampeleka chumba chake. Karantini anawekwa mzima. Mtu anakula, anaswali, anapiga soga, hana hata kikohozi, ila katoka mahali penye ugonjwa na wewe hujui kama kaubeba au hajaubeba, unamwambia subiri hapa siku zipite tuone. Ukichanganya hayo maneno mawili msomaji wako ataelewa kwamba mahujaji wote walioshuka Tabuk walikuwa wagonjwa, na haikuwa hivyo, wengi wao walikuwa wazima wanataka kwenda kwao tu.

Na kwa nini wazima wazuiwe? Rudi nyuma kidogo ustadh, vijana wako watapenda hii. Mwaka 1865 kipindupindu kiliingia Makka msimu wa hija, inakadiriwa walikufa mahujaji kama 15,000. Waliobaki wakapanda meli kurudi, wakashuka Suez, kutoka Suez wakapakiwa kwenye treni mpaka Alexandria, na Alexandria ni bandari, meli zinakwenda kila upande wa Mediterania, haukupita muda ugonjwa ukawa Ulaya. Mwaka uliofuata mataifa yakaitana Istanbul kwa mkutano, na moja ya mambo waliyokubaliana ni kwamba jangwa lenyewe ni kinga: msafara wa ngamia ukitembea jangwani wiki kwa wiki, aliyeambukizwa ataumwa njiani, atapona au atazikwa hukohuko, watakaofika ng'ambo ugonjwa umeshawatoka. Ukatili fulani hivi, lakini hesabu yake inaeleweka, kipindupindu kinajionyesha ndani ya siku tano, mara nyingi mapema zaidi.

Halafu ikaja reli. Sultani Abdulhamid wa pili kaianzisha 1900, 1908 ikafika Madina, kilomita kama 1,300, na Makka haikufika kamwe. Safari ya Damascus mpaka Madina ambayo kwa ngamia ilikuwa siku kama 40 ikawa siku tatu nne hivi. Unaona tatizo? Mtu anaweza kuambukizwa huku, akapanda behewa mzima kabisa, akashuka Damascus kabla tumbo halijamuuma. Zile siku jangwa lilikuwa linazitoa bure, treni ikazila. Ndo Waturuki wakaweka kituo cha karantini Tabuk, katikati ya njia, kwa mahujaji wanaorudi kaskazini. Wenye kuja na meli walikuwa na vyao, kutokea upande wetu wa Bahari ya Hindi na India walikuwa wanasimamishwa kisiwa cha Kamaran kwenye Bahari ya Shamu, na wanaorudi kupitia Suez walikuwa wanashushwa At-Tur pale Sinai, nguo na matandiko yao yanaingizwa kwenye tanuri za mvuke wakati wenyewe wanasubiri. Hapo At-Tur ndipo mwaka 1905 daktari mmoja alitoa kwenye miili ya mahujaji waliokufa kimelea cha kipindupindu kilichopewa jina la mahali, El Tor, na ndicho kilichokuja kuzunguka dunia nzima kuanzia 1961 mpaka kwetu huku kikafika.

Kwa hiyo pale Tabuk maneno yako yote mawili yana nafasi, lakini kila moja na watu wake: treni nzima iliwekwa karantini, na akitokea mmoja kaanza kuumwa, huyo ndo alitengwa. Ukiandika hivyo kijana wa madrasa anaiona picha.

Eda. Huyu aliyekushauri namheshimu kwa sababu kuna mantiki nyuma yake, eda nayo ni muda wa kuhesabu siku, na eda ya talaka mojawapo ya faida zake ni kupata uhakika wa jambo ambalo kwa macho halionekani, sawasawa na karantini. Ila neno limeshaolewa lile. Mswahili ukimwambia fulani kakaa eda anachosikia ni mwanamke kafiwa au kaachwa, mjane miezi minne na siku kumi, hukumu ya sheria na siyo amri ya daktari. Sasa uandike wanaume mia tano na ndevu zao wamekaa eda Tabuk, hiyo baraza ya Tanga utaipita vipi? Na itikafu nayo, kabla hajatokea wa kuipendekeza, ile mtu anaingia kwa hiari yake kwa ibada, hapana.

Na "tauni" ibadilishe, tafadhali. Hofu iliyozaa vile vituo ilikuwa hasa ya kipindupindu. Tauni ni ugonjwa wake peke yake, wa panya na viroboto, unaotoa mitoki. Najua linakotoka, sisi tumelizoea kwa kisa cha Sayyidna Umar, khalifa wa pili wa Waislamu, alipofika mahali paitwapo Sargh anakwenda Sham, upande wa Syria ya leo, akaambiwa huko kuna tauni, akashauriana na watu, akageuza, na ikatajwa ile hadithi ya kutoingia mji wenye tauni na kutotoka ukiwa umo ndani. Toka hapo kila maradhi ya kuua wengi watu wanayaita tauni. Kwenye mawaidha sawa, kwenye makala ya historia utampoteza msomaji. Na ukikitumia kile kisa, angalia pia kwamba kinahusu kufunga mji, watu wasiingie wasitoke, yaani kile ambacho 2020 tulikiita lokdauni. Karantini ina mlango wa kutokea, siku zikitimia unaondoka.

"Waliorudi na reli" nakuachia mdomoni, kwenye maandishi nakukatalia. Reli ni vile vyuma vilivyolala chini. Watu walirudi kwa treni, au kwa gari moshi ukitaka ladha ya zamani, na wakakaa kwenye mabehewa.

Nikiunganisha sentensi yako ningeiandika hivi: "Mahujaji waliorudi kwa treni waliwekwa karantini Tabuk kwa siku kadhaa kwa kuhofia kipindupindu, na aliyeonekana kuumwa alitengwa na wenzake."

Umeona nimeweka mahujaji. Kwa Kiarabu hujjaj tayari ni wengi, mmoja ni haji, kwa hiyo mwenye Kiarabu chake akisikia mahujaji anaona wingi juu ya wingi na anakereka, wapo walioniandikia kwa hasira kabisa. Lakini Kiswahili kimelichukua hujaji kikalifanya mtu mmoja, halafu kikaongeza ma- kama kwenye daktari na madaktari, na hiyo ndiyo iliyozoeleka. Haji na mahaji nayo ipo, haina kosa, tatizo lake haji ni jina la watu wengi huko Tanga na ukianza sentensi kwa Haji mtu anadhani ni jirani yake. Ila usiwaite maalhaji, alhaji ni heshima ya kuitiwa mtu aliyekwisha kuhiji, ya mbele ya jina lake, haitafuti wingi.