Supu ya kuku na tangawizi: punguza moto, tia tangawizi mara mbili

Msomaji ameuliza kwa nini supu yake ya kuku wa kienyeji hutoka na rangi ya maji ya kuoshea mchele, nyama ngumu, na tangawizi haisikiki kooni. Jibu la kwanza ni moto. Supu ikichemka kwa nguvu, mafuta hupigwapigwa mpaka yanachanganyika na maji, ndipo inapovurugika. Nyama nayo hukamuka maji yake na kukauka, hali mishipa ya kuku aliyezoea kutembea bado haijalainika.

Kwa kuku wa kilo moja na robo hivi, andaa lita tatu za maji ya baridi na gramu 50 za tangawizi mbichi. Mbabue kuku kumaliza manyoya, ondoa kile kijitezi cha mafuta juu ya mkia, na uitoe nyongo bila kuipasua, maana tone lake huacha uchungu usiotoka. Usitupe miguu! Imwagie maji ya moto, ivue ngozi ngumu na kucha, kisha itie sufuriani pamoja na shingo na filigisi. Uzito wa supu unatoka humo, wala huhitaji unga wa ngano wala kiungo cha pakiti.

Anza na maji ya baridi. Yakikaribia kuchemka povu la kijivu litapanda. Liengue kwa upawa kwa dakika kumi hivi, mpaka lije jeupe na dogo. Ukifunika sufuria mapema, povu lile linarudi ndani na huliondoi tena.

Sasa punguza moto mpaka viputo vichache tu viwe vinapanda pembeni. Tia nusu ya tangawizi, iliyopondwa na maganda yake baada ya kuoshwa vizuri, kitunguu maji kimoja kilichokatwa mara mbili, punje nne za kitunguu saumu na punje kumi za pilipili manga. Funika, ukiacha upenyo. Kuku wa kienyeji huchukua saa moja na nusu hadi mbili, na jogoo aliyekomaa hata tatu. Wa kisasa anaiva kwa dakika 40; ukimwacha zaidi atachambuka nyuzinyuzi.

Ukali wa tangawizi hupungua kadiri inavyopikwa. Ile ya mwanzo inaacha harufu na utamu ndani ya mchuzi, lakini kinachochoma koo ni mbichi. Kwa hiyo nusu iliyobaki imenye, ikwaruze, na uitie dakika tano kabla ya kuepua. Ya unga isichukue nafasi yake hapa: hufanya supu iwe na vumbi chini ya bakuli.

Chumvi nayo ingoje nyama iive, vijiko viwili vidogo kwanza, kisha uonje. Ukiitia yote mwanzoni, maji yakipungua supu inazidi chumvi. Ndimu ikamuliwe bakulini kwa mlaji. Ikichemshwa hupoteza harufu yake nzuri.

Supu inayobaki isilale jikoni ndani ya sufuria. Igawe kwenye vyombo vifupi ipoe upesi, iingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Kesho yake ukiikuta imeganda kama jeli, hiyo ni kazi ya ile miguu: ondoa mafuta ya juu, ichemshe tena, ukwaruzie tangawizi kidogo mbichi.