Nyaya mbili za tangi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza kati ya kampuni changa inayoanzia sokoni na ile inayoanzia kwenye teknolojia, ipi ina nafasi kubwa ya kusimama, kwa kuwa wewe na wenzako wawili mmebuni kile kipimo cha maziwa kwenye maabara ya chuo na sasa mnataka kuacha kazi. Mimi nina swali langu kwanza: kati yenu watatu, nani amewahi kuuza kitu?

Siulizi kwa ubaya. Anayeanzia sokoni huanza na mtu anayemjua. Mama yako alipofungua genge, alijua kabla ya kununua fungu la kwanza la sukuma kwamba akina mama wa ploti yetu hurudi kazini usiku wamechoka, ndiyo maana akaiuza ikiwa imeshakatwa. Mtaji wake ulikuwa kisu na meza, na jioni ya siku ya kwanza alikuwa na hela mkononi. Anayeanzia kwenye teknolojia ana kitu kinachofanya kazi, ila hajui ni cha nani. Atahitaji pesa za watu, vibali na miaka ya kusubiri, na chuo nacho kitadai sehemu yake kwa sababu maabara ni yao. Tena waanzilishi wenyewe mara nyingi ni mafundi watupu, wakikaa jioni wanaongea kifaa, kifaa, na mnunuzi hatajwi.

Unakikumbuka king'ora cha tangi. Ilikuwa mwaka 2000, ule wa ukame, stima ikawa ya zamu. Nilipata transista za bei nafuu Luthuli Avenue nikaunda saketi: nyaya mbili juu ya tangi, maji yakizigusa king'ora kinalia, unazima pampu. Ilikuwa saketi safi, hata leo naweza kuichora nimefumba macho. Mama yako akauliza, "Maji yenyewe yako wapi hata yafurike?" Nikamjibu vibaya. Nikatengeneza 40, kwa pesa tulizoweka za karo. Zile wiki tatu ulizokaa nyumbani muhula ule, sababu ndiyo hiyo. Sijawahi kukuambia waziwazi.

Kila niliyemwonyesha alikisifu. Sifa si mauzo, mwanangu. Shangazi yako alinunua kimoja, na najua alinihurumia.

Mtu mmoja tu alinisikiliza mpaka mwisho, mwenye ile ploti ya ghorofa karibu na steji. Akasema, "Fundi, wa kuzima pampu ninaye, ni keateka. Shida yangu ni maji ya kanjo. Yanakuja usiku wa manane, yanatiririka kidogo, watu wamelala, asubuhi wapangaji wote wananililia mimi. Niletee cha kuniamsha." Nikamwambia hicho si kifaa changu. Nikafunga mkoba nikaondoka nimeudhika.

Na kilikuwa kilekile! Nyaya zilezile mbili, ningezitoa tu kwenye tangi nikaziweka ndani ya karai chini ya mfereji. Aliyeligundua hilo ni mama yako, miezi kadhaa baadaye, akakitega kimoja jikoni. Saa nane usiku kikalia. Akajaza mitungi yote huku anaimba, akaniamsha nije nione. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na palepale nikajuta, maana vilivyobaki nilikuwa nimeshavikongoa nikauza vipuri kulipa deni.

Basi soko kwanza? Ningependa niseme ndiyo nimalize barua. Lakini mkate wetu ulitoka wapi? River Road, kwenye kutengeneza mashine za fotokopi, na fotokopi ilianza kama teknolojia tupu. Mvumbuzi wake, Chester Carlson, alipata nakala yake ya kwanza New York mwaka 1938. Kampuni kubwa zikamkataa, moja baada ya nyingine. Mashine iliyouzika kwelikweli, Xerox 914, ilitoka mwaka 1959. Miaka 21! Angeuliza soko la 1938, nadhani lingemjibu kwamba karatasi za kaboni zinatosha, na mimi ningekulipia karo kwa kazi gani? Kwa hivyo siwezi kumtukana anayeanza na kifaa. Ila Carlson naye alishikwa mkono: mwaka 1944 taasisi ya utafiti iliichukua kazi yake, kisha ikaja kampuni ya karatasi za picha. Ninyi ni nani atakayewalisha huku mkisubiri?

Halafu nafikiria M-Pesa. Ilipojaribiwa mwaka 2005 ilikusudiwa watu wapokee na kulipa mikopo midogo. Wateja wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Waliokuwa wakiisimamia wakaliona hilo, wakaiacha nia yao ya kwanza, na Machi 2007 ikazinduliwa kwa ajili ya kutuma pesa nyumbani. Wale walimsikiliza mwenye ploti wao. Hapo ndipo roho huniuma.

Usinilazimishe niseme muache kazi au msiache. Neno liko mdomoni, mama yako analijua, lakini nalizuia kwa sababu mimi napima kwa deni la mwaka 2000, na deni lile si lenu.

Ila kabla hamjaandika barua za kuacha kazi, kipelekeni kwa yule mama mwenye ATM ya maziwa, ile mashine ya kuuzia maziwa, pale stejini. Mtajieni bei kwanza. Akisema ni kizuri sana, shukuruni muende. Sifa si mauzo. Akisema hakitaki, lakini kama kingempimia jambo fulani lingine angekinunua, keti hapo hapo utoe kalamu, hata kama jambo hilo halimo kabisa katika mliyoyafanya maabara.

Jumamosi sina kazi. Ukitaka nitakusindikiza, nitakaa pembeni na sitasema neno.

Baba yako