Maswali na Majibu: Daktari wa Zamu ya Usiku Akiwa kwenye Simu

SWALI: Mtoto wangu aliyetimiza miaka 2 mwezi uliopita alishikwa na homa usiku wa Jumamosi, kipimajoto kikasoma nyuzi 38.9, naye akawa anashikashika sikio moja huku akilia. Kliniki yetu ilikuwa imefungwa, kwa hiyo nikazungumza na daktari kwa simu ya video yapata saa 7 usiku. Alimtazama, akaniuliza maswali mengi, kisha akanielekeza nimpe parasetamoli kulingana na uzito wake na nimpeleke kliniki Jumatatu ikiwa sikio litaendelea kuuma. Hakumwandikia antibayotiki. Jumatatu mtoto aliamka akicheza, lakini bado najiuliza: daktari ambaye hakumgusa alijuaje kwamba ni salama kusubiri?
Mama Mwenye Mashaka

JIBU: Mama, huenda daktari yule hakujua kwa uhakika mtoto anaumwa nini, wala hilo silo alilokuwa akilitafuta kwanza saa 7 usiku. Kazi kubwa ya daktari wa zamu anayehudumu kwa simu ni kuamua mgonjwa anapaswa kuonwa wapi na lini: hospitalini sasa hivi, kliniki kutakapokucha, au abaki nyumbani chini ya uangalizi. Uamuzi huo una dalili zake, na nyingi kati ya hizo zinaonekana kwenye kioo cha simu kwa mtu anayejua pa kutazama.

Alipokuomba umfunue mtoto kifua, alikuwa akiangalia kama mbavu zinabonyea kila anapovuta pumzi, na bila shaka alizihesabu pumzi hizo kwa dakika nzima akiwa ametulia, kwa sababu mtoto wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi kwa dakika huhesabiwa kuwa anapumua kasi. Alipouliza kama anakunywa, kama anatoa machozi na alikojoa lini mara ya mwisho, alikuwa akipima upungufu wa maji mwilini. Kama aliuliza juu ya shingo kukakamaa au vipele visivyofifia vinapobanwa kwa glasi, alikuwa akiwaza homa ya uti wa mgongo na sumu ya bakteria katika damu. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, vipele hivyo vitafutwe pia viganjani, kwenye nyayo na ndani ya kope, ambako huonekana kwa urahisi zaidi.

Kuna alichokosa, nacho ni kuchungulia ndani ya sikio. Hata hivyo, kwa mtoto wa umri huo ambaye sikio moja tu linauma na hali yake kwa jumla si mbaya, hata daktari aliye na kifaa mkononi mara nyingi hutuliza maumivu na kusubiri siku 2 au 3, kwa kuwa maambukizi mengi ya sikio la kati huisha yenyewe. Lau mtoto angekuwa chini ya miezi 3, hata homa ya nyuzi 38 ingetosha kumfanya daktari akuambie umpeleke hospitali usiku uleule.

Wala mashaka yako si mageni. Simu ilikuwa na umri wa miaka 3 tu tangu Alexander Graham Bell aipatie hataza mwaka 1876, pale jarida la kitabibu la The Lancet la London lilipoandika habari za daktari aliyeamshwa usiku wa manane kwa ajili ya mtoto anayekohoa. Aliomba mtoto asogezwe kwenye simu, akakisikiliza kikohozi, akaamua kwamba hakikuwa kile cha koo kilichohofiwa.

Ubora wa huduma hii hutegemea sana mtu aliyeshika simu upande wa mgonjwa, na hapo ndipo ninapoona makosa mengi. Azungumze yule aliyekaa na mgonjwa. Nimewahi kusikiliza maelezo marefu ya kikohozi kutoka kwa baba aliyekuwa safarini, ambaye hakuwa amemwona mwanawe tangu asubuhi. Uwe na joto lililopimwa pamoja na saa lilipopimwa, uzito wa mtoto, na chupa za dawa zilizokwisha kutolewa, kwa sababu “kijiko kimoja” hakimwambii daktari kitu asipojua nguvu ya dawa iliyomo. Na kabla ya kukata simu, mwulize ni badiliko gani litakalokulazimu kupiga tena au kwenda hospitali bila kupiga.

SWALI: Baba mkwe wangu alipinda mdomo ghafla jioni na maneno yakawa hayaeleweki. Tuliomba miadi ya daktari kwa video, tukasubiri dakika 40 zamu yetu ifike. Je, tulikosea?
Mkwe

JIBU: Ndiyo, ingawa naelewa mlidhani ndiyo njia ya haraka. Hizo ni dalili za kiharusi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi kabla ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba mgonjwa havuji damu kichwani. Picha hiyo hakuna simu inayoweza kuipiga. Kumbukeni ni saa ngapi alionekana mzima mara ya mwisho, mwende naye hospitali moja kwa moja. Vivyo hivyo kwa kifua kinachobana, pumzi zinazomzuia mtu kumaliza sentensi, degedege, na kutokwa damu wakati wa ujauzito.

SWALI: Daktari wa usiku alikataa kuniandikia vidonge vya usingizi ninavyotumia kila mwezi, lakini alikubali kuniongezea dawa ya pumu. Kwa nini abague?
Msomaji Asiyelala

JIBU: Dawa ya pumu ikikatika usiku inaweza kukuhatarisha kabla hapajakucha. Vidonge vya usingizi hupunguza kasi ya kupumua, hasa vikichanganywa na pombe au dawa kali za maumivu, navyo huzoeza mwili. Daktari asiyeliona faili lako hawezi kujua umepewa vingapi na nani. Mimi pia ningekataa. Hata hivyo, kama umevitumia kila siku kwa muda mrefu, kuviacha ghafla nako kuna hatari, kwa hiyo mwone daktari wako wa kawaida mara kliniki itakapofunguliwa, ukiwa na maelezo ya maandishi ya mazungumzo ya usiku ule, ambayo una haki ya kuyaomba.