Maswali ya wasomaji: mikwaruzo ya gari jeusi

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Nina Toyota Harrier nyeusi niliyoiagiza kutoka Japani miaka mitatu iliyopita. Ilipotoka bandarini iling'aa kama kioo, lakini siku hizi ikisimama juani boneti yote huonekana imejaa mikwaruzo myembamba ya duara mithili ya utando wa buibui. Mwezi uliopita niliipeleka kwa fundi akaipiga polishi, nikaipokea ikiwa inapendeza mno; baada ya kuoshwa mara tatu tu mikwaruzo ikarudi, tena safari hii pamoja na mawingu-mawingu ambayo awali hayakuwapo. Gari huoshwa nyumbani kila Jumamosi na kijana wa mtaani kwa sabuni ya unga na kipande cha fulana. Je, ninaweza kuirekebisha mwenyewe bila kuipaka rangi upya? – S.M., Tanga

JIBU: Ndugu S.M., unaweza, mradi mikwaruzo yenyewe ni ile ambayo ukipitisha ukucha juu yake haukwami. Lakini nakuomba usinunue polishi yoyote kabla hujabadilisha namna gari linavyooshwa, kwa kuwa mikwaruzo unayoieleza huzaliwa siku ya Jumamosi, kwenye ile ndoo na kile kipande cha fulana.

Juu ya rangi nyeusi ya gari lako pana tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Kwenye magari mengi yanayotoka kiwandani, rangi yote pamoja na tabaka zake za chini huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na katika hizo klia yenyewe ni kama 35 hadi 50, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Mikwaruzo yako imo ndani ya klia hiyo. Gari jeupe linaweza kuwa nayo mingi vilevile na mwenyewe asijue, kwa sababu kingo za kila mkwaruzo hutawanya mwanga na kuonekana nyeupe, na weupe huo huonekana zaidi palipo na weusi nyuma yake. Aidha, rangi nyeusi ya Toyota yenye namba 202, ambayo utaikuta imeandikwa kwenye kibati kilichobandikwa kwenye mwili wa gari ikiwa ndiyo yako, inajulikana sana miongoni mwa watu wa kazi hii kwa ulaini wake: huchubuka upesi, ingawa kwa ulaini uleule husahihishika kwa urahisi pia.

Kuhusu polishi ya mwezi uliopita, kuna polishi zenye mafuta na vijazio ambavyo huingia ndani ya mikwaruzo na kuificha bila kuiondoa, na sabuni kali ikipita mara mbili au tatu vijazio huoshwa na mikwaruzo ikarejea mahali pake. Yale mawingu ni alama za mashine ya mzunguko mmoja, yaani inayozunguka tu bila kuyumba, iliyotumiwa bila kumalizia na sifongo laini. Sisemi kwamba fundi wako alikudanganya, maana wateja wengi hutaka gari liondoke linang'aa baada ya saa moja, na katika saa moja hakuna kingine kinachoweza kufanyika.

Sasa tuje kwenye kuosha. Chembe za sabuni ya unga ambazo hazijayeyuka hukwaruza, na sabuni hiyo ni kali kiasi cha kuondoa nta yote iliyopo. Fulana nayo ina mishono, halafu inachovywa katika ndoo ileile ambayo mchanga wa tairi umetua chini yake. Nunua shampuu ya magari, glavu ya kuoshea ya maikrofaiba (kitambaa cha nyuzi laini sana) na ndoo mbili, moja ya povu na nyingine ya maji matupu. Kwanza mwagia gari maji mengi ili vumbi la moramu liondoke lenyewe kabla mkono haujaligusa. Kisha osha kuanzia paa ukishuka chini, na kila ukimaliza sehemu moja suuza glavu katika ndoo ya maji matupu kabla ya kuirudisha kwenye povu. Magurudumu yawe na brashi yake na yaoshwe kwa maji mengine. Wakati wa kukausha, tandaza taulo kubwa la maikrofaiba juu ya boneti na ulivute taratibu badala ya kusugua. Taulo likianguka chini liweke kando hadi litakapofuliwa, hata kama unaliona safi, kwa sababu chembe moja ya mchanga iliyonaswa katika nyuzi zake inatosha kuchora mstari kutoka taa hadi kioo. Mweleze kijana wako haya kwa upole na umnunulie vifaa hivyo. Akielewa sababu yake atalitunza gari kuliko wewe mwenyewe.

Baada ya kuosha, vaa mfuko mwembamba wa nailoni wa mkate kidoleni na upapase boneti. Ukihisi vipele vidogo, hizo ni chembe za chuma, lami na utomvu zilizoshikamana na klia. Huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaofinyangwa kama mkate wa chapati na kutelezeshwa juu ya maji yenye shampuu bila kukandamizwa. Ukidondoka chini utupe, usijaribu kuuosha. Kwenye gari jeusi udongo huo huacha alama hafifu, kwa hiyo utumie pale tu unapokusudia kupiga polishi mara baada yake.

Kabla ya polishi yoyote hakikisha gari lina klia kweli na halikupakwa upya, kwani magari mengi yaliyotumika yamewahi kugongwa na kunyooshwa kabla hayajatufikia. Paka polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe, usugue mahali pasipoonekana, na kitambaa kikitoka cheusi ujue unagusa rangi yenyewe. Ukiweza kuazima kipimo cha unene wa rangi, pima kila mlango. Penye zaidi ya mikroni 200 kuna uwezekano mkubwa pamerudiwa rangi, na chini ya 80 nakushauri uache kama palivyo. Klia haiongezeki kwa polishi yoyote duniani. Kila unachokiondoa kimeondoka moja kwa moja, na ndiyo maana lengo lako lisiwe kuufuta mkwaruzo wa mwisho bali kuliona gari likiwa safi machoni ukiwa umesimama hatua mbili kutoka hapo.

Mashine ya kununua au kuazima ni ile ambayo huzunguka huku ikiyumba, yenye myumbo wa milimita 8 hadi 15. Haichomi rangi kwa urahisi, na ndiyo pekee ninayoweza kuikabidhi kwa mtu anayejifunza. Fanya kazi kivulini na boneti ikiwa baridi. Boneti nyeusi ya saa saba mchana haishikiki kwa mkono, na polishi hukaukia juu yake kabla haijafanya kazi. Kingo za milango na mikunjo ya bodi, ambako klia ni nyembamba kuliko kwingine kote, zifunike kwa utepe wa karatasi ambao mafundi rangi hutumia. Mimi mwenyewe, katika gari langu la kwanza jeusi, sikuufunika mkunjo wa fenda ya kushoto, nikaona weusi ukitoka kwenye sifongo na chini yake rangi ya kijivu ya praima, yaani rangi ya msingi, ikijitokeza, mstari wenye urefu wa kidole. Ilibidi fenda nzima ipakwe upya.

Anza na kipande kimoja tu cha sentimita 40 kwa 40 katikati ya boneti. Weka sifongo laini na polishi nyepesi, matone manne yenye ukubwa wa njegere, uyasambaze kwa kasi ya chini, kisha upandishe kasi hadi ya kati na uipitishe mashine polepole, sentimita mbili au tatu kwa sekunde, kwanza kwa mistari ya kwenda na kurudi na halafu kwa mistari inayoikata ile ya kwanza, hadi umepita mara nne. Futa kwa maikrofaiba safi. Chukua alkoholi ya isopropili ya duka la dawa, uichanganye na maji mara tatu yake, ufute kipande hicho ili mafuta ya polishi yasikufiche ukweli, kisha mulika kwa tochi ya simu ukiisogeza kutoka upande mmoja hadi mwingine. Utauona mduara wa mwanga ukiwa umezungukwa na nyuzi, au ukiwa peke yake katika weusi mtupu. Nyuzi zikipungua kwa kiasi kinachokuridhisha, endelea hivyohivyo gari zima. Zisipopungua, badilisha sifongo iwe ngumu kidogo, na kama bado, ndipo uchukue kompaundi, yaani polishi yenye makali zaidi, ambayo ni lazima ifuatwe na polishi nyepesi ili kuondoa ukungu wake. Sifongo isafishwe kwa brashi kila baada ya kipande kimoja. Gari zima litakuchukua siku mbili za mapumziko, na hakuna sababu ya kulikimbiza. Mkono mtupu bila mashine unaweza kupunguza mikwaruzo ya kipande kidogo, kama sehemu ya kitasa cha mlango, lakini gari zima utachoka kabla hujaona mabadiliko.

Mwisho ni kinga. Nta ya kanauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya minazi wa huko Brazili, huupa weusi kina kinachopendeza sana, lakini kwa jua na hewa ya chumvi ya pwani yetu isitegemee zaidi ya wiki chache. Kwa gari linalolala nje mjini Tanga ningechagua kinga ya kisasa ya maji-maji isiyo nta, ambayo hukaa miezi kadhaa na hupakwa kwa tabaka jembamba lisiloonekana. Usiliegeshe chini ya mwembe wakati wa maembe, na kinyesi cha ndege kilowanishe kwa kitambaa chenye maji na ukiondoe siku ileile, maana kikikaukia juani huila klia na kuacha alama ambayo polishi haiifikii. Maji ya kisima yenye chumvi nayo yasiachwe yakauke yenyewe juu ya gari.

SWALI: Gari langu la buluu iliyokolea limepata mabaka meupe juu ya paa na boneti, na pembezoni mwa mabaka klia inabanduka kama ngozi iliyoungua. Jirani ananishauri nipake mafuta ya taa, mwingine dawa ya meno. Nifanye nini? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Dada yangu, hapo polishi haina kazi tena, na nasikitika kukwambia hivyo. Klia imeuawa na jua, na iliyobanduka hairudishwi na nta wala mafuta. Mafuta ya taa yatang'arisha kwa siku moja, yatavuta vumbi, na yatavimbisha mipira ya madirisha. Dawa ya meno ina chembe za kusugua ambazo hukujua ukubwa wake wakati wa kuinunua. Paa na boneti zipigwe msasa na kupakwa rangi na klia mpya. Zilizobaki, yaani milango na madigadi, zipake kinga mapema ili zisifuate njia hiyo.

SWALI: Naishi Maskati na gari langu ni jeusi. Nikipakiwa kinga ya seramiki, je, sitahitaji tena kuosha kwa uangalifu? – A.H.

JIBU: Ndugu A.H., utahitaji. Kinga hiyo ni tabaka la silika lenye unene wa mikroni moja au mbili hivi. Hurahisisha uchafu kutoka na huzuia madoa, lakini haizuii mchanga kukwaruza wala kokoto kugonga. Tena hufungia chini yake kila kilichopo, kwa hiyo mikwaruzo irekebishwe kwanza kama nilivyomweleza ndugu yetu wa Tanga. Katika kiangazi cha huko, joto likizidi nyuzi 40, ipakwe ndani ya gereji au alfajiri, sehemu ndogo-ndogo, na ziada ifutwe ndani ya dakika chache, kwani ikishakauka haitoki ila kwa kupiga polishi upya. Gari lisiguswe na maji kwa saa 24 za mwanzo. Na lile vumbi laini linalotua usiku, usilifute asubuhi kwa kitambaa kikavu hata ukiwa unachelewa kazini. Nenda nalo hivyohivyo hadi utakapopata maji.