Limebadilika, au limefanyiwa mabadiliko?

Msomaji wa Sinza, fundi wa seva, anauliza: “Nikiendesha docker diff, herufi C iliyo mbele ya faili niiandikeje kwenye ripoti? Limebadilika, limebadilishwa, au limefanyiwa mabadiliko?” Amri hiyo ya Docker huorodhesha faili na folda za kontena (programu iliyofungiwa pamoja na mahitaji yake) zilizotofautiana na imeji, yaani kiolezo kilichotumika kulitengeneza.

Nianze na hilo la tatu, maana limenichosha. Kitenzi kipo, kizima, na minyumbuliko yake yote. Mwandishi anakigeuza nomino, halafu anaazima “fanya” ili kiweze kusimama tena. Ofisi haisafishwi siku hizi, inafanyiwa usafi. Barabara haikarabatiwi, inafanyiwa ukarabati. Sasa balaa hili limeingia mpaka kwenye makontena ya programu! Ukilifuta kwenye ripoti hupotezi kitu ila urefu. Lifute.

Yanabaki mawili, nayo hayalingani. “Badili” asili yake ni Kiarabu, lakini linanyumbuka kwetu kama mzawa. “Badilika” hueleza hali bila kumgusa mtendaji: bei ya nyanya Kariakoo imebadilika. “Badilishwa” hudai mtendaji, hata asipotajwa.

Tazama sasa amri yenyewe inasema nini. Washa kontena la nginx, programu ya seva ya wavuti, andika docker diff na jina la kontena. Miongoni mwa mistari utakuta hii:

C /run
A /run/nginx.pid

A ni kilichoongezwa; D, ukiiona, ni kilichofutwa. Je, nani ameibadilisha /run? Hakuna. Nginx imeweka ndani yake faili lenye namba ya mchakato, basi. Folda mzazi hupewa C kwa sababu ya mwanawe. Likiguswa faili moja tu, /etc/nginx/conf.d/default.conf, unaletewa C nne: /etc, /etc/nginx, /etc/nginx/conf.d, na faili lenyewe. Anayeandika “/etc imebadilishwa” anamtuma mkuu wake akamsake mhalifu ambaye hayupo.

Hata kwa faili, C haithibitishi kwamba yaliyomo ni mapya. Chmod, amri ya kubadili ruhusa za faili, peke yake inatosha: kwenye overlay2, mfumo wa Docker wa kupanga faili kwa matabaka, faili hunakiliwa hadi tabaka la juu la kontena, likahesabiwa. Kwa hiyo C ni “limebadilika”, bila nyongeza. Ukitaka kuandika “yaliyomo yamebadilishwa”, linganisha kwanza. Tengeneza kontena jingine kwa imeji ileile, usiliwashe:

docker create --name asili nginx
docker cp asili:/etc/nginx/conf.d/default.conf zamani.conf
docker cp lako:/etc/nginx/conf.d/default.conf sasa.conf
diff -u zamani.conf sasa.conf

“Lako” ni jina la kontena unalolichunguza. Si lazima liwe linaendeshwa.

A na D ziandike “limeongezwa” na “limefutwa”, kwa kuwa faili halijiumbi wala halijifuti. “Limeongezeka” usithubutu: msomaji ataelewa limekua kwa ukubwa.

Kuna sentensi moja zaidi inayoharibu ripoti nyingi: “hakuna kilichobadilika”, eti kwa sababu amri imekaa kimya. Data ya voliumu, yaani hifadhi ya nje inayopachikwa kwenye kontena, haikai kwenye tabaka la kontena, na docker diff haiioni. Hifadhidata iliyopachikwa /var/lib/mysql inaweza kufutwa majedwali yote usipate hata mstari mmoja. Andika “nje ya voliumu, hakuna kilichobadilika”, kisha nenda kaikague voliumu yenyewe.